Landrova ya Mzee Yona

“Futeni hela ya gari! Yudith ataingia kanisani na Landrova ya baba, na injini naifungua na kuifunga mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii!”

Eliudi aliyasema hayo kwenye kikao cha harusi ya dada yake, nyumbani kwao Nguvumali, soda mkononi. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti, Bi Imakulata, akaufuta mstari wa gari kwenye bajeti palepale, kabla kijana hajarudiwa na akili. Maana Eliudi hakuwahi kufungua injini yoyote maishani mwake. Alichowahi kufungua ni feni, na feni ile mpaka leo inazunguka kama ina kinyongo na mtu.

Lakini Landrova ile aliipenda. Marehemu baba yao, Mzee Yona, aliiendesha miaka mingi kwenye shamba la mkonge, na shamba lilipofilisika akapewa gari badala ya kiinua mgongo. Alipofariki, Eliudi akawa kila Jumamosi anaijaza maji, anaiwasha, anaiacha ingurume, kisha anaizima. Haikwenda popote. Mwisho ikaanza kuchemsha, ikafuka moshi mweupe, ikagoma.

Sasa injini ilikuwa uani, vipande vimepangwa juu ya magunia. Masoud, rafiki yake fundi wa gereji moja kule Usagara, alikuja kudai spana zake, akanogewa, akakaa.

“Hiyo pistoni unaikagua au unaichumbia?” Masoud akamtania.

“Kaa kimya wewe, nitazame.”

Kusema kweli, pistoni zilikuwa nzima. Ringi zilichoka, lakini ringi zinanunuliwa. Krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, Eliudi akaipitishia ukucha polepole kutafuta mikwaruzo, kama Masoud alivyomwonyesha. Ukucha haukukwama popote.

“Mzee alikuwa mtu wa oili safi,” Masoud akasema. “Wallahi Yudith anapanda hii.”

Ikabaki bloku yenyewe, lile bonge la chuma lenye silinda. Wakaigeuza. Zile njia za maji ya kupozea silinda zilikuwa zimejaa tope la kutu. Eliudi akachokonoa kwa bisibisi. Tope likatoka mabonge mabonge, halafu ukuta wa silinda ya tatu ukaachia kama ganda la yai viza, bisibisi ikatokea upande wa pili.

Masoud hakutania. Akaokota kigae cha kutu, akakigusisha ulimini, akatema.

“Chumvi. Ulikuwa unaweka maji gani?”

Eliudi akaonyesha kwa kidevu kisima cha palepale uani. Maji yake hata chai hayapikiwi. Ukifulia, sabuni inagoma kutoa povu.

“Yesu wangu,” akasema mama yao, Mama Yudith, aliyekuwa kizingitini akichagua mchele. “Baba yenu alikuwa ananunua ya bomba kwa jirani. Nikimsema anamaliza hela, ananijibu gari la shamba halijazoea maji ya pwani. Mimi nikidhani ananitania.”

Eliudi akajifuta grisi kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Kuku akaja kudonoa ringi, hakumfukuza.

“Si mtafute bloku nyingine?” mama akauliza.

“Ya gari zee hili, mama?” Masoud akajibu. “Labda tukaisubiri mpakani Horohoro mpaka Yudith apate wajukuu. Na harusi si Jumamosi hii?”

Eliudi akapiga simu. “Shikamoo, Bi Imakulata. Rudisheni ule mstari wa gari.”

“Marahaba. Fundi wetu, mikono imekuwaje?” Bi Imakulata akacheka peke yake, kisha akaacha. “Haya, mwanangu. Tutaona.”

Jumamosi ya harusi Eliudi aliamka kwa mazoea ya kuijaza Landrova maji, akachukua ndoo, akatoka nayo uani. Magunia yalikuwa palepale. Akasimama, ndoo tupu mkononi. Nje, gari jeupe la kukodi lilikuwa linafungwa maua, na kwa jirani yule yule aliyekuwa akimuuzia baba maji, wapishi walikuwa wamepanga foleni bombani. Ndoo moja ni shilingi hamsini.