Wali wa Kabla ya Barua

Padri alisema barua iwe kwa mkono wangu mwenyewe, wala mtu asinishurutishe. Vyeti vya ubatizo, kipaimara na ndoa vilikwisha kutiwa kwenye bahasha. Umri unaotakiwa, miaka thelathini na mitano, mume wangu aliupita zamani, na masomo ya ushemasi alikuwa anayamalizia. Ilibaki barua ya ridhaa ya mke. Kisha padri akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba shemasi akifiwa na mkewe haoi tena.

Hapo kalamu ikanishinda.

Mwezi ule nilikuwa nimetoka hospitali, Msambweni, nimeondolewa titi moja. Dawa zilinizubaisha. Nililala mkekani mchana kutwa nikitazama jua likitambaa ukutani, na nikisinzia, ndoto ilikuwa ileile: mume wangu amevaa kanzu nyeupe, anatafuta sufuria nyumbani kwetu. Mimi namwelekeza, hanisikii.

Niliamka na hasira. Mwanamume amelinda lango la hoteli Diani miaka ishirini, hajui chumvi inakaa wapi!

Maneno ya padri nilimweleza jirani yangu, mama wa Kidigo aliyeniletea uji kila asubuhi. Akajifunika mdomo kwa leso.

"Ewe dada yangu! Wenzio huku hawaulizwi akija mke wa pili. Wewe waulizwa hata huyo wa baada yako!"

Tulicheka mpaka mshono ukanivuta. Alipoondoka nililia, kwa sababu niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kumwacha peke yake maisha yake yote kwa saini yangu.

Basi nikaamua: nitamfundisha kupika kwanza, ndipo niandike. Nikamkalisha kwenye mbuzi akune nazi, magoti juu kama panzi. Wali wa kwanza ukawa uji. Wa pili ukawa chumvi tupu. Wa tatu ukaungua, wa nne ukaungua, na yeye ndiye aliyezikariri kanuni za Kanisa bila kukosea. Nilimwita mzembe, naye akainamisha kichwa tu.

Siku ya tano harufu ilinifikia mkekani. Nikajikokota hadi jikoni. Alikuwa ameketi mbele ya jiko, mikono mapajani, anatazama moshi.

"Wali unaungua!"

"Naona."

"Sasa mbona huuepui?"

"Nikijua kupika, utaandika. Nami naona ukiandika, utakuwa umeniaga."

Nilikaa kando yake. Tukaepua sufuria, tukala wali wa juu usioungua, kwa kijiko kimoja. Ulikuwa mtamu. Kisha nikamwambia alete karatasi.

Niliandika kwamba naridhia, kwa hiari yangu. Na kwa kuwa sikusikia kanuni inayokataza, nikaongeza chini: Padri, wali bado anauunguza, lakini mwalimu wake yupo.