Waliokuwemo Kwenye Picha

Juzi pale Uyole nilipishana na pikapu iliyobeba makochi na friji ya mtu, nikasimama kuitazama. Nikasikia tena harufu ya mafuta ya cherehani.

Nilikuwa darasa la pili, tunakaa Iyunga, na Mama alikuwa fundi nguo. Alipoomba mkopo, afisa alikuja nyumbani kupiga picha vitu vya dhamana: kabati, redio, cherehani. Mimi nilikuwa nimeegemea cherehani. Badala ya kunitoa, akasema, "Tulia hapohapo," akapiga. Kisha akamwambia Mama, "Ukishindwa kulipa, vyote vilivyomo kwenye picha tunachukua." Mama akasaini.

Tangu hapo, kila gari lililopunguza mwendo mlangoni lilinikausha mate.

Mchana mmoja wa mvua pikapu ikasimama. Mama aliacha kukanyaga cherehani, na ukimya ule ulinitisha kuliko radi. Afisa aliingia na vijana wawili wenye viatu vya matope, wakatoa kabati, wakarudia redio. Nikaenda chumbani, nikatia sare na mswaki kwenye mfuko wa rambo, nikarudi kusimama palepale, mkono juu ya cherehani.

"Mtoto, sogea," alisema afisa.

"Na mimi nimo kwenye picha."

Alicheka. Leo najua hakuna sheria inayoruhusu mtoto kuwekwa dhamana. Mama hakucheka. Aliutazama mfuko wangu.

"Mwanangu, siku zote hizi ulidhani nimekuweka na wewe?"

"Nilikuona ukisaini, Mama."