Nyota Mlangoni kwa Rispah

Rispah amekuwa jirani yangu kwa miaka kumi na sita hapa Mvindeni, Ukunda, na nasema mapema kwamba ni mwanamke mkaidi. Ukimpelekea bakuli la samaki, bakuli halirudi tupu hata kama kwake hakujapikwa. Alizaliwa pande za Samburu kwa wafugaji, akaja Diani akiwa msichana kufua mashuka ya hoteli, na hadi leo anayafua. Mumewe alifariki zamani. Alimlea Judy peke yake, akamsomesha, akamwoza, na mwaka huu Judy alipokuwa mjamzito akarudi kwa mamake kuzaa mtoto wake wa kwanza.

Mimi ni Mwislamu. Nabii Isa namjua kwa njia yetu, lakini nyota ya Krismasi nimeijua kwa Rispah, kwani kila mwaka huishona barazani kwangu, kwenye mwanga. Huunda kiunzi cha fito chenye ncha tano, akakivika shuka kuukuu la hoteli. Siku moja kabla ya Krismasi, baada ya alasiri, watu wa kanisa lao huibeba hadi nyumba yenye mtoto mchanga, wakaitundika juu ya mlango, ikakaa hapo mpaka sikukuu ya Mamajusi. Ni nyumba gani, hajui mtu ila katekista, mwalimu wao wa dini. Yeye hutangulia na wenzake humfuata, wala hakuna anayefungua kinywa njiani, kwa sababu wale Mamajusi nao hawakujua nyumba wanayoiendea. Wakifika, katekista huuliza: "Mtoto wa nyumba hii anaitwa nani?" Mama hutaja jina, ndipo nyimbo zinapoanza.

Mwezi wa tisa Judy alijifungua mtoto wa kiume. Aliishi kwa saa nne tu. Walimzika Samburu, wakarudi, na tangu hapo Judy hakulitaja jina la mtoto wala hakutoka chumbani ila kwa haja. Mumewe, dereva wa lori, alikaa naye wiki mbili, kisha kazi ikamwita. Rispah naye alirudi kwenye mashuka yake siku ya nne, nami nilimkasirikia kweli.

"Mama Judy, lia basi," nikamwambia.

"Machozi yakija nitalia, Mama Swabir. Hayajaja. Nimekufa ganzi, hata maji ya moto ya kufulia siyasikii mkononi. Naogopa kitu kimoja tu. Judy akikaa kimya hivi, mwisho mtoto atakuwa kama hakuzaliwa."

Ulipofika mwezi wa kumi na mbili nikamwona anaingia barazani na fito zake. Nikamuuliza, bila adabu nakiri, mwaka huu nyota ya nini.

"Watu wanaingojea."

"Basi nieleze maana yake, nami nijue kinachonijazia uzi barazani."

Akaeleza huku akishona, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma tangazo la kukatwa maji. Mamajusi waliiona nyota wakiwa kwao mbali, wakajua kuna mfalme amezaliwa, wakatoka. Njiani hawakuwa nayo siku zote. Ndivyo aaminivyo Rispah, kwani wangekuwa nayo wasingepotelea kwa mfalme mwingine wakiuliza habari. Walitembea tu. Walipotoka kwa yule mfalme ikawatokea tena, ikawatangulia, ikasimama juu ya pale alipokuwa mtoto.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Mungu anajua mtoto alipo. Sisi ndivyo tuaminivyo." Akakata uzi kwa meno. "Zamani nikiyasema haya nasikia raha. Sasa nayasema tu."

Siku yenyewe Rispah hakwenda kanisani. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwake tukichagua mchele, Judy yuko ndani, tukaona watu wanapinda kwenye kichochoro chetu. Mbele alikuwa Elijah, katekista mgeni, ameiinua nyota iliyofungwa kwenye mti mrefu. Alikuja mwezi wa kumi na moja, yule wa zamani alipohamishwa, akaachiwa daftari lenye majina ya wajawazito yaliyoandikwa mwezi wa saba. Hakuna aliyekumbuka kulifuta jina la Judy. Wanawake waliomfuata walikuwa wameshang'amua. Mmoja alimvuta shati, naye akamtikisia kichwa anyamaze, kwani ada ni ada.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Rispah. Hakuinuka. Aliitazama nyota aliyoishona mwenyewe.

"Mtoto wa nyumba hii anaitwa nani?"

Niliwaka mimi. Nilisimama nimfukuze yule kijana na mti wake, Rispah akanishika mkono. Elijah akatazama nyuso za watu moja moja, na rangi ikamtoka.

"Mama, nisamehe. Nilisoma daftarini, sikujua." Akaanza kuishusha nyota.

Pazia la chumba likasogea. Judy akatoka amejitanda kanga, miguu mitupu, macho yamevimba, akaja kusimama nyuma ya mamake.

"Anaitwa Sanga," akasema.

Elijah akamtazama Rispah.

"Umeuliza jina, umepewa," Rispah akasema. "Itundike."

Akaenda mwenyewe kuleta kiti, akakishikilia Elijah apande. Yule aliyevuta shati akaanza wimbo, wa polepole, na wengine wakamfuata. Judy alikuwa ameegemea mlango, uso ameuinua. Nilikwenda nikashika kiti upande wa pili.

"Mama Swabir," akaninong'oneza, "sasa inaniuma." Na hapo ndipo alipolia.