Biskuti ya Kahawa na Mtoto wa Kikula

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya kiwanda cha biskuti, hapa Likasi, shefu wa labo, yaani mkuu wa maabara, alinipa biskuti ya kahawa. "Kula kwanza, mama," akasema. "Kisha tutaipima."

Tuliisaga, tukaikausha kujua maji yake, tukatenga mafuta, tukapima protini, yaani kile kinachojenga mwili. Sukari ilikuwa nyingi, protini kidogo sana. Kafeini, ile nguvu ya kahawa inayofukuza usingizi, iliwafaa wanunuzi wetu: wanaume wa zamu ndefu viwandani.

Kisha miaka ya tisini ikatuangukia. Mishahara ikakatika, unga wa bukari, ugali wetu, ukaadimika, na biskuti zetu zikaanza kuuzwa mojamoja sokoni katika mtaa wetu wa Kikula. Huko nilimkuta jirani yangu, Mama Odette, akimlisha binti yake Nyota biskuti hizo. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, dalili za kukosa protini.

"Anakula nini ingine?" nikamuuliza.

"Ni ile tu. Iko na sukari, inamupa nguvu. Akisha kula, ananyamaza."

"Ni kahawa njo inamunyamazisha, Mama Odette. Njala iko palepale. Mutoto anahitaji kalanga, samaki, maziwa."

"Nitatosha wapi pesa ya ile yote, miye?"

Nilikimbilia dispensari. Nako hakukuwa na maziwa. Kesho yake nikaingia kwa mkurugenzi wa kiwanda, nikamweleza habari za Nyota.

"Ile biskuti ni ya wakubwa," akaniambia.

"Lakini watoto njo wanaikula, Directeur."

Aligeukia dirisha. "Weye unataka nini?"

"Tanuri moja. Kahawa itoke, soya na kalanga viingie."

"Sawa. Mpaka unga uishe."

Shefu mwenyewe alivua koti akakanda. Nilimpelekea Nyota biskuti zile moto moto, na watoto wa majirani wakaja. Uvimbe ukashuka polepole. Asubuhi moja Nyota alipiga kelele akidai nyingine, na mama yake akacheka huku machozi yanamtoka.

Unga uliisha. Kiwanda kikafungwa, shefu akahamia kwa watoto wake, nami nikastaafu bila hata kuagwa. Leo Nyota ana watoto wake, wakorofi kweli, na miguu yao ni myembamba kama inavyopaswa.

Lakini nikipita kwenye lile lango lenye kutu, mwendo wangu hupungua. Natamani asubuhi moja tu, nivae koti jeupe, nimsikie shefu akiniita kutoka penye tanuri: "Mama, leo tunapikia watoto wa nani?"