Kupeleka Jibu la Kerubo

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya simu moja. Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Niño, na mimi, binti wa Mombasa ambaye nyumbani mpaka leo wananiuliza kazi yangu hasa ni nini, nilikuwa katika maabara ya utafiti wa kifua kikuu. Tulipokea makohozi ya wagonjwa kutoka wilayani, tukayatayarisha, na sehemu yake tukaipeleka ng'ambo kulikokuwa na mashine ambayo sisi hatukuwa nayo. Mashine ile ilisoma jeni za vijidudu. Kila kijidudu kimebeba maagizo yake ndani, yameandikwa kwa herufi nne tu zinazojirudia kwa mpangilio mrefu sana. Ukijua mahali pa kutazama, unaweza kusema dawa ipi itakiua na ipi itakipita tu, bila kungoja wiki kadhaa kioteshwe kwenye chupa.

Aliyepiga simu kutoka huko ng'ambo alinisomea jibu la mwanamke wa Itumbe, kule Kisii, aliyeitwa Kerubo. Mahali ambapo rifampisini hukishikia kijidudu, herufi moja ilikuwa imebadilika. Ile ndiyo dawa kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Mahali pa dawa ya pili napo palikuwa vivyo hivyo. Jibu lilikuwa limechelewa njiani, na mama yule alikuwa katikati ya matibabu, anameza kila asubuhi dawa zisizomsaidia kitu, anakohoa katika nyumba yenye watoto. Daktari mkuu wetu alikuwa na dawa nyingine, chache, alizozipata kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo, na kitanda kimoja hospitalini. Kerubo hakuwa na simu. Barua ingeweza kulala posta. Nilijaribu kurudi kwenye kazi yangu, nikashindwa, nikaenda kumwambia daktari kwamba nitamfuata mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Kisii. Bonde la Ufa, ambalo safari nyingine ningeliandikia kurasa, sikuliona vizuri. Kila basi liliposimama watu wanywe chai nilishuka, nikazunguka, nikapanda kabla ya wengine, kana kwamba kukaa kwangu ndani kungemfanya dereva aharakishe. Baada ya Sotik ardhi ilianza kujikunja vilima juu ya vilima, kila kimoja kimelimwa hadi kileleni, na hewa ikawa ya baridi ambayo sikuwa nimeibebea nguo.

Kisii mjini nilipokewa na Nyaboke, muuguzi aliyesimamia wagonjwa wa kifua kikuu katika eneo lile. Ni yeye aliyemchukua Kerubo makohozi mwanzoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye hatua ndefu na maneno machache. Aliponiona natetemeka alinipitisha kwenye duka la nguo la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapohapo, aliyezungumza naye Ekegusii, lugha ya Wakisii, moja kwa moja huku akinichagulia sweta. Nilikuwa mgeni katikati yao. Kisha mzee akanigeukia kwa Kiswahili, akaniuliza kama nitakaa. Nikasema nikiweza nitaondoka hata sasa hivi. Akacheka, akasema mvua ya alasiri Kisii humkalisha kila mtu. Kweli ilinyesha mpaka giza, na mimi nilikaa dirishani nikiitazama kama mtu aliyenyimwa ruhusa.

Keumbu tulifika mapema, siku ya Ijumaa, soko likianza kujaa ndizi. Hapo tuliiacha lami. Barabara ya kwenda Itumbe ilikuwa bado haijapona mvua za mwaka uliotangulia, na dereva wa lori la majani ya chai, aliyemjua Nyaboke, alituchukua karibu naye mbele. Mara mbili tulishuka ili lori lipite penye matope. Nyaboke alivua viatu akatembea bila kulalamika. Mimi nililalamika kwa wawili.

Itumbe inanuka chai inayokaushwa. Harufu ya kiwanda ilitufuata kwenye kijia mpaka boma la Mama Ombati, mama mkwe wa Kerubo. Tulimkuta jikoni akichambua chinsaga, mboga yao ile chungu, na mwanawe Ombati, mume wa Kerubo, ameketi mlangoni akisubiri zamu yake ya kiwandani. Watoto wawili walikuwa wakicheza nyuma yake. Kerubo hakuwapo.

Nyaboke aliuliza. Mama Ombati alijibu kwa maneno mengi bila kuacha mboga zake, na Nyaboke akanifasiria polepole. Kerubo alikuwa amerudishwa kwao Ekerenyo. Mtu wa zahanati alikuwa ameieleza familia kwamba anayemeza dawa hupona, na asiyepona hajameza. Basi huyu alikuwa anazitupa kwenye migomba, na kwa kukohoa kwake alikuwa anawatakia wajukuu mabaya.

"Ulimwona akizitupa?" Nyaboke alimuuliza, na hilo nililielewa kwa sura yake kabla sijafasiriwa.

Mama Ombati alisema hakuhitaji kuona.

Nilimtazama Ombati. Alikuwa akitazama viatu vyake. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, lakini lilikuwa la Kerubo, na sheria ya kazi yetu ni kwamba mwenye ugonjwa husikia kwanza. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko barabara yote tuliyopita. Tuliporudi kijiani Ombati alitufuata, akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Madam, mkimwona mwambie watoto wanakula vizuri." Kisha akageuka kwenda kiwandani.

Ekerenyo iko upande wa pili, kaskazini mwa Nyamira, na tulilazimika kurudi Kisii kulala. Jumamosi tulipofika, njia zilikuwa tupu. Watu wa kule wengi ni Wasabato, na nyimbo zilitoka kanisani zikapita juu ya mashamba ya chai yasiyokuwa na mchumaji hata mmoja. Niliogopa kwamba tutamngoja Kerubo mpaka ibada iishe. Lakini alikuwepo nyumbani, ameketi juani nyuma ya nyumba, kitenge kimemzunguka mara mbili kwa jinsi alivyokonda. Kanisani aliacha kwenda, alituambia, kwa sababu akikohoa benchi zima huhama. Mamaye alibaki naye. Kerubo alimwita "baba," nami nikatafuta kwa macho mwanamume aliyeitwa, hadi Nyaboke aliponieleza kwamba kwa Ekegusii baba ndiye mama. Hilo nawaachia watu wa nyumbani wacheke. Mimi siku ile nilishindwa.

Kerubo alijua Kiswahili cha shule. Nikamweleza mwenyewe, nimekaa upande ambao upepo ulitoka, nikichora vijiti kwenye udongo kuonyesha herufi zilivyo na ile moja iliyobadilika. Nikamwambia vidonge alivyopewa haviwezi kukishika kijidudu chake, kuna dawa nyingine Nairobi, ni ngumu, ni za muda mrefu, na zina sindano. Nikamwambia tunaweza kuondoka leo.

Aliinama, akakigusa kwa kidole kile kijiti kimoja.

"Hayo makohozi mlisoma ni ya lini?" aliuliza.

"Ni yale ya kwanza. Aliyoyachukua Nyaboke siku uliyopimwa."

"Kabla sijameza dawa?"

"Kabla hujameza hata kidonge kimoja."

Kerubo alimgeukia mamaye, akasema neno kwa Ekegusii, kisha akanirudia. "Kwa hivyo si mimi."

Naikumbuka sentensi ile kuliko kitu kingine chochote cha safari. Nilikuwa nimelisoma jibu lake kama habari ya dawa tu. Yeye alilisoma tofauti. Kama herufi ilikuwa imekwisha kubadilika kabla hajaanza matibabu, basi hakuibadilisha yeye kwa kuruka vidonge. Kijidudu kilimwingia kikiwa tayari sugu. Nyaboke aliitikia kwa kichwa, macho yamemlowa.

"Mkojo yangu ilikuwa nyekundu kila siku," Kerubo alisema. "Hiyo dawa inafanya hivyo. Nilimwambia mama mkwe akuje aone. Alikataa."

Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa kijidudu hicho kilitoka kwa nani. Alikuwa na kaka aliyefanya kazi Nairobi, akaugua, akawa anaanza dawa na kuziacha, akarudi kufia katika nyumba ileile tuliyokuwa nyuma yake. Kerubo ndiye aliyemuuguza. Ningeweza kusema ndiyo, inaelekea ni yeye. Nilimwambia ukweli, kwamba makohozi ya kaka yake hatukuwa nayo, na bila hayo hakuna mashine itakayosema.

"Basi usiseme ni yeye," alisema. "Mahali popote."

Nikaahidi. Nyaboke akamchukua mamaye Kerubo makohozi ili naye apimwe. Nikasimama, nikidhani tumemaliza, nikaanza kuzungumzia basi. Kerubo hakusimama. Alisema atakwenda Nairobi, lakini kwanza nitakwenda Itumbe, niyaseme maneno yale jikoni kwa mama mkwe, pale alipoambiwa yeye kwamba ni mtupaji. Nilimsihi. Nilimwambia kila siku moja ina uzito, kitanda kinaweza kuchukuliwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nikikufa huko kabla hujasema," akasema, "watoto wangu watakuwa watoto ya yule alitupa dawa."

Nikakubali twende Itumbe kwanza.

Jumapili tulikuwa Itumbe tena, safari hii na Kerubo, katika gari dogo aliloomba Nyaboke kwa jamaa yake, madirisha yote wazi. Ombati alikuwa nyumbani. Kerubo alibaki nje ya mlango wa jikoni, mbali kidogo na watoto wake, ambao walitaka kumkimbilia na baba yao akawashika. Nilisema kwa Kiswahili, Nyaboke akageuza kwa Ekegusii. Nilisema kijidudu cha Kerubo kilikuwa sugu kabla hajapewa dawa, kwamba alimeza, na kwamba kushindwa kulikuwa kwa dawa. Ya kaka sikuyagusa.

Mama Ombati alimtaka Nyaboke arudie. Aliporudia, yule mama alisema ni mtu wa zahanati aliyemwambia. Kerubo akajibu kutoka nje, kwa upole, maneno machache. Hakuna aliyenifasiria mpaka tulipokuwa barabarani. Alikuwa amesema, "Yeye aliniambia mara moja. Wewe uliniambia kila siku."

Mama mkwe hakuomba radhi. Aliuliza wajukuu wapimwe lini. Kisha akaipua ndizi zilizokuwa motoni, akazifunga kwa jani, akatoka na kuziweka mkononi mwa Kerubo. Kerubo alizipokea. Ombati akaleta mkoba wa nguo za mkewe, ambao inaonekana alikuwa ameuandaa tangu Ijumaa, akatusindikiza mpaka garini, akaja nasi hadi Kisii.

Jumatatu tulirudi Nairobi, Kerubo karibu na dirisha lililofunguliwa, abiria wakinung'unika baridi, nami nikiwajibu kwa ukali ambao mama yangu asingeupenda.

Matibabu yalikuwa marefu kuliko nilivyomwambia. Sindano zilimpunguzia usikivu wa sikio moja, na haukurudi. Alilia kwa kichefuchefu, alitaka kuacha, hakuacha. Makohozi ya mamaye yalikuwa safi. Watoto walipimwa, wakaonekana salama. Na makohozi ya Kerubo, mwezi baada ya mwezi, hayakuotesha tena kitu.

Nilikwenda Kisii nikiamini kazi ya kusoma jeni ni kuchagua dawa. Ni kweli ndiyo kazi yake. Lakini tangu safari ile, kila jibu linaponifikia, huwa naangalia pia makohozi yalichukuliwa lini, nikijiuliza ni nani huko vilimani anayelaumiwa sasa hivi kwa kosa lisilo lake.

Siku aliyoruhusiwa nilimpeleka kituo cha basi. Nilijitolea kwenda naye mpaka Itumbe, nizungumze tena na wale wa nyumbani kama itahitajika. Aligeuza sikio lake zima ili anisikie vizuri, akatabasamu.

"Hapana, dada. Wewe ulishasema," alisema. "Sasa acha wanione."