Vizibo vya Viazi

Mimi ni mwalimu wa fizikia na nina hasira za karibu. Haya mawili nayasema mapema ili msomaji asishangae baadaye akinikuta nagombana na pipa.

Pipa lenyewe lilikuja nyumbani kwetu Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe, kwa sababu ya mama mkwe. Yeye anakaa Makambako na binti yake, wifi yangu, na tangu baba mkwe atutoke alikuwa ameacha kula. Si kwamba aligoma. Alikaa mezani, akasali, akamega tonge moja, akalizungusha mdomoni mpaka sisi tukachoka kumtazama, kisha akasema, "Asanteni, nimeshiba." Hospitali walimpima wasione ugonjwa. Wifi alijaribu wali, uji wa ulezi, ndizi, supu ya kuku wa kienyeji. Asanteni, nimeshiba. Kitenge ambacho zamani kilimzunguka mara moja tu kikawa kinamzunguka karibu mara mbili, na kila nilipokiona moyo uliniuma.

Uliniuma kwa sababu nina deni la wema kwake. Siku ya kwanza kupika ukweni niliunguza maharage. Yaliungua hasa, mpaka moshi ukatutoa jikoni. Wakwe wengine wangelizungumza jambo hilo miaka kumi. Yeye alikula sahani yake yote, akaomba aongezewe, akasema yana ladha nzuri. Sijawahi kusahau.

Basi siku moja tumekwenda kumsalimia, wifi akaleta nyama ya kukaanga, na mama mkwe akaiangalia kwa huruma, kama vile nyama ndiyo iliyofiwa.

"Chakula chenu siku hizi hakina moshi," alisema. "Sisi kwetu Mlangali nyama ilikaa juu ya kichanja, moto chini, wiki nzima. Ukiila leo, kesho bado unaisikia."

Wengine walitikisa vichwa. Mimi niliipokea kauli hiyo kama swali la mtihani. Mama anataka moshi? Moshi ni hewa, joto na kuni. Hayo nayafundisha kidato cha pili. Katika gari kurudi Njombe nilimweleza mume wangu mpango mzima, naye akaitikia "sawa" mara kumi na nne, jambo ambalo kwa mwanamume wa kwetu ni dalili kwamba hajasikia neno.

Nilinunua pipa la mafuta ya kula. Muuzaji aliapa ni ya kula, ila lilinuka dizeli, kwa hiyo nililichoma mara mbili kwa magunzi mpaka majirani wakaja kuuliza kama tuna msiba. Fundi wa kuchomelea akanitobolea matundu matatu chini, kila moja upana wa bilauri, akaweka wavu wa mkaa, juu yake wavu wa nyama, na kwenye mfuniko akasimamisha bomba la kutolea moshi. Lilipendeza. Nikanunua paja la nguruwe, nikawasha mkaa wa miti ya miwati, nikatupia vipande vya msonobari, maana Njombe ukikosa msonobari basi umeziba macho mwenyewe.

Nyama ile ilikuwa na ladha ya kabati jipya. Mume wangu alitafuna kwa adabu, akauliza kama inatakiwa kupigwa msasa kwanza. Tangu siku hiyo nilitumia matawi ya mparachichi tunayopunguza shambani, na msonobari nikawaachia maseremala.

Mara ya pili niliona moto umekuwa mkali, nikaziba bomba la juu kwa sahani. Moto ulipungua, kweli, ila moshi ukakosa pa kwenda, ukalala juu ya nyama. Nyama ikatoka chungu kama kwinini. Hapo nilijifunza kanuni ya kwanza: bomba la juu liache wazi, hewa idhibiti kutoka chini. Kanuni ya pili niliitunga mwenyewe baada ya mume wangu kuchungulia kila dakika tano: mfuniko haufunguliwi. Ukifungua, joto ulilolichunga asubuhi nzima linaondoka bila kuaga. Niliitangaza kanuni hiyo nyumbani kwa sauti ambayo hata kanisani walikuwa wanaweza kuisikia.

Joto nalo linahitaji kipimo. Niliazima kipimajoto cha maabara ya shule, chenye kuishia nyuzi mia na kumi, nikakishusha kwenye tundu la mfuniko. Moto ulivuka mia na kumi bila kuomba ruhusa na kipimajoto kikapasuka. Kwenye daftari la maabara niliandika kwamba kimevunjika katika jaribio la vitendo. Mkuu wa shule alisoma, akanusa koti langu, akauliza jaribio hilo huliwa na ugali au na ndizi.

Bila kipimajoto nikabaki na kiganja. Nilikishika juu ya mdomo wa bomba na kusali Baba Yetu kwa mwendo wa ibada, si wa kukimbiza. Nikifika kwenye riziki ya leo ndipo nitoe mkono, joto ni zuri. Nikishindwa kabla ya ufalme kuja, moto umezidi. Nikimaliza mpaka amina, moto umezimika na ni wakati wa kutubu. Mwinjilisti wetu alipita siku moja akanikuta nimenyoosha mkono juu ya pipa nasali, nimefumba macho. Alivua kofia, akasubiri nimalize.

Kilichobaki ni matundu ya chini. Matofali hayakuenea, matambara yaliungua, udongo ulipasuka. Siku moja kwa hasira nilichukua kiazi kutoka kwenye gunia letu la viazi vya Kifanya, nikakibamiza kwenye tundu. Kikakaa, kikaziba kabisa. Nikataka hewa kidogo, nikakata kiazi ubavuni, hewa ikaingia kidogo. Nilisimama pale nikijisikia mkubwa. Ukiwa na viazi vitatu na kisu unaweza kuuendesha moto utakavyo, na viazi ndivyo tulivyo navyo Njombe kuliko kitu kingine chochote.

Tatizo ni kwamba kiazi kikikaa kwenye tundu la moto saa moja na nusu kinaiva. Juma la kwanza nilikuwa ndani nasahihisha madaftari, nikasikia pipa linanguruma. Nikatoka mbio. Tundu moja liko wazi, moto unavuta hewa, nyama inalia mafuta, na mume wangu amesimama pembeni anapuliza kitu cha moto mkononi.

"Kilikuwa kimeshaiva," alisema.

"Hicho ni kizibo!"

"Hata kama ni kizibo, kimeiva."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikaweka sheria: atakayekula kizibo atakula na nyama yake mbichi. Aliizingatia, nadhani, mara mbili.

Hata hivyo nilifika. Jumamosi ya nne paja lilitoka na rangi ya kahawia iliyokolea, laini, na harufu yake ilibaki kwenye vidole mpaka Jumatatu. Mume wangu alikula kipande cha pili, akasema, "Hii mama atakula." Machozi yalinilenga, nikasingizia moshi.

Tulipakia pipa kwenye pikapu ya rafiki yake, tukapakia paja bichi, mkaa, matawi ya mparachichi na gunia la viazi, tukashuka Makambako. Ningeweza kuifukiza nyama nyumbani na kuipeleka tayari. Sikutaka. Nilitaka mama mkwe akae ndani ya ile harufu saa tano nzima, tumbo lake likumbuke kazi yake kabla sahani haijafika.

Nilichosahau ni upepo. Mtu wa Njombe anajua baridi na ukungu, lakini ukungu ni mgeni mpole, unakaa ulipoukuta. Makambako kuna upepo, tena mwingi, na ulikuwa unavuma tangu kabla ya mji kujengwa. Niliusoma kwenye nguo za wifi zilizolala sambamba na ardhi kwenye kamba, nikajiambia nitauweza.

Nilipowasha mkaa upepo uliingia kwenye tundu la mashariki kama askari wa msako. Ndani ya dakika kumi niliweka kiganja juu ya bomba na sikufika hata mbinguni. Nikaziba tundu hilo kwa kiazi, nikaziba la pili kwa kiazi, la tatu upande uliokingwa nikaliachia kiazi chenye mkato mwembamba. Moto ukatulia, kisha upepo ukageuka. Nikabadilisha viazi. Ukageuka tena. Nikamsimamisha mume wangu na bati, nikamsimamisha wifi na bati lingine, wakawa wanazunguka pipa kila nilipopiga kelele "kushoto!" na "kulia!" Mabati yaliimba. Majirani walikuja uani, wakasalimia kamwene, wakavuta viti wakakaa kutazama.

"Wifi," alisema wifi yangu nyuma ya bati, "jiko la gesi lipo ndani."

"Shika bati."

Kelele zangu ndizo zilizomtoa mama mkwe chumbani. Alitaka kujua nani anagombana na nani. Akaona nagombana na pipa, akatikisa kichwa, akavuta kigoda chake na kuketi upande uliokingwa na upepo, miguu karibu na tundu la tatu, blanketi mabegani, anaota moto.

"Shikamoo mama. Leo utakula nyama yenye moshi," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu," alisema. Hakusema atakula.

Saa ya kwanza ilikwenda, ya pili ikaenda. Nilikuwa nimeushika ule moto. Kiganja kilikuwa kinafika kwenye riziki kila mara, moshi mwembamba wa buluu unatoka, na majirani wenyewe walikuwa wameanza kumeza mate. Niliingia ndani kunawa uso. Nikarudi nikasikia ile ngurumo ninayoijua.

Sikuhitaji kuuliza. Nilimvamia mume wangu na bati lake.

"Na hapa? Mbele ya mama yako? Huwezi kungoja saa tatu tu?"

"Mimi?" alisema. "Mikono yangu yote miwili iko kwenye bati tangu asubuhi!"

Ilikuwa kweli. Nikamgeukia wifi, naye bati. Nikawageukia majirani, wakaangalia pembeni, wakawa wanamtazama mama mkwe kwa namna ya watu wasiotaka kumtaja mtu. Nami nikamtazama.

Alikuwa amekunja blanketi magotini kuficha kitu. Kona ya mdomo ilikuwa na majivu. Anatafuna. Si kuzungusha tonge, anatafuna, taya zote zinafanya kazi, na tundu la tatu miguuni pake liko wazi linavuta hewa kwa pupa. Alipoona nimemwona alimeza haraka, kama mwanafunzi aliyekamatwa na karanga darasani.

"Kilikuwa kinaungua," alisema.

Nilisimama na kiazi kingine mkononi. Ndani ya pipa mafuta yalikuwa yanaanza kulia, na nilijua kwa hesabu kamili, maana nafundisha, kwamba nina dakika mbili za kuliziba lile tundu kabla Jumamosi zangu zote nne hazijateketea. Nikachuchumaa. Nikaweka kiazi kwenye tundu, lakini sikukibamiza. Nilikilaza juu juu, mahali mkono wake unapofika.

"Kuna chumvi?" aliuliza.

Wifi aliangusha bati. Alikimbia ndani na kurudi na chumvi, na mume wangu aliangalia juu kwenye mawingu kwa muda mrefu sana. Sisi wengine tulijifanya tunatazama pipa, kwa hofu kwamba tukimtazama ataacha. Mama mkwe alimenya kiazi cha pili kwa kucha, ganda jeusi likamwangukia kwenye kitenge, akala. Akaelekeza kidole kwenye tundu la upande wa upepo.

"Kile nacho kimeiva. Kitoeni."

"Mama, kile ndicho kinachozuia..." alianza mume wangu.

"Kitoe!" nilisema.

Alikitoa. Upepo wa Makambako uliingia wote kwa pamoja. Bomba likatoa moto badala ya moshi, majirani wakasogeza viti nyuma, na harufu ya paja la nguruwe linaloungua ikatanda mpaka barabarani. Mama mkwe alinusa, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona anataka kucheka.

"Mwalimu," alisema, "umeunguza tena."

"Nimeunguza, mama."

"Basi niongezee."

Nilikwenda kwenye gunia nikachagua vikubwa, vile visivyoenea kwenye tundu lolote. Kisha nikavua mfuniko mbele ya watu wote, nikalitoa lile paja jeusi nikalitupa kwenye beseni, nikavipanga viazi mahali pake.