Viatu vya shemeji kwenye usaili wa mpakani

Jamani, leo nimefanya usaili wa kazi ya kulinda mpaka!

Viatu vya maana sina. Asubuhi nikavuka Mto Songwe kwa miguu, nikaazima vya shemeji, mume wa dada yangu, kule Malawi. Kurudi nikavibeba kichwani visilowe, nikanyoosha moja kwa moja kwenye usaili.

Mama msaili akaniuliza, "Umewahi kuvuka mpaka kwa njia za panya?"

Nikajibu kikakamavu, "Sijawahi, afande!"

Akatazama viatu, vinang'aa. Akatazama suruali, imelowa mpaka magotini. Akatazama dirishani, jua linawaka.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru. "Tutakupigia."

Sasa nishaurini. Shemeji anavitaka viatu vyake leo leo. Nipite darajani, au njia yetu ya kila siku?